Taa Nyekundu ya LUKU Haili Uniti

Kwa miaka mingi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, watu wameamini kwamba taa nyekundu inayowaka na kuzima kwenye mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ndiyo inayomaliza uniti. Dhana hii inastahili kusahihishwa, kwa sababu inawafanya watu wailaumu taa badala ya kukitafuta kifaa kinachovuta umeme.

Taa hiyo inahesabu tu. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh huwaka mara 1000 kwa kila uniti moja inayotumika. Kwa hiyo birika la wati 2000 likiwashwa peke yake, taa itawaka mara 33 hivi kwa dakika, na likizimwa itatulia. Hesabu hiyo, ambayo mtu anaweza kuifanya kwa saa ya simu yake, ni kipimo kizuri kuliko makisio yoyote: zima vyote, washa pasi, hesabu, kisha fanya vivyo hivyo kwa friji.

Zipo sababu nyingine za pesa kuisha haraka. Mteja wa daraja la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hupata bei nafuu kwa uniti 75 za kila mwezi, na zinazozidi hapo huuzwa ghali zaidi.

Ikiwa umezima swichi kuu na kila kifaa, lakini taa bado inawaka na kuzima, basi huenda umeme unavuja au kuna waya unaolisha kwingine, na hapo aitwe fundi mwenye leseni.