Barua ya mwalimu kwa vyuo vya Marekani: mpe mwalimu cha kuandika

Vyuo vingi vya Marekani vyenye ushindani mkali huomba barua mbili za walimu wa masomo na moja ya mshauri wa shule. Shule zetu nyingi hazina mshauri wa namna hiyo, kwa hiyo kazi yake hufanywa na mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, ambaye pia ndiye hutuma rekodi ya matokeo yako.

Waombaji wengi hukosea mwanzoni kabisa: humkimbilia mwenye cheo. Barua ya mbunge au askofu asiyekujua darasani haina uzito, kwa sababu msomaji anataka kujua unavyojifunza. Mchague aliyekufundisha kidato cha tano au cha sita, hata kama somo lake hukupata A. Soma pia masharti ya chuo. MIT, kwa mfano, hutaka mwalimu mmoja wa hisabati au sayansi na mwingine wa lugha, sanaa au sayansi ya jamii. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) atamwendea nani? Mara nyingi mwalimu wa GS (General Studies).

Sasa linganisha. "Ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na heshima." Sentensi hiyo inamfaa yeyote aliyewahi kuvaa sare. "Majibu yake ya jaribio la penduli yalipotofautiana na ya wenzake, hakunakili ya jirani, alizima feni, akarudia vipimo vyote, akaonyesha kuwa upepo ndio uliokuwa ukiisukuma." Hapo msomaji amemwona mtu.

Tatizo ni kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kukumbuka penduli ya kila mmoja, na barua aliyozoea kuandika ni ile fupi ya tabia njema. Mpelekee karatasi moja: matukio matatu au manne ya darasani mwake, kazi uliyokosea na ulivyoirekebisha, unachotaka kusomea, na tarehe za mwisho. Barua yenyewe usimwandikie. Kumfungulia mwalimu barua pepe kisha ukajitumia barua ni udanganyifu, na unaweza kukupotezea hata nafasi uliyokwisha kupewa.

Mwombe ana kwa ana, mapema Septemba: "Mwalimu, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" Akisita, mshukuru, utafute mwingine. Maombi ya mapema mara nyingi hufungwa 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ukingoja Desemba utakuta shule imefungwa na mwalimu yuko kijijini, mtandao wa kubahatisha.

Kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa pamoja, anza na fomu ya FERPA, sheria ya Marekani ya 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake. Tunashauri uiachie haki hiyo kwa upande wa barua, kwani barua ya siri huaminiwa zaidi. Kisha ingiza barua pepe ya mwalimu, ya shule kama ipo, na umpangie kila chuo. Wengi humwalika mwalimu wakasahau kumpangia vyuo, barua ikabaki haijaenda popote. Mwambie mwalimu aangalie pia kwenye spamu.

Mkumbushe asitaje jina la chuo chochote ndani ya barua, maana hiyo hiyo moja huenda kwa vyote. Aiweke kwenye karatasi yenye nembo ya shule, aisaini, aitume kama PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haisomeki.