Drafti ya NFL: kwa nini beki mmoja huwagombanisha mashabiki

Drafti inayozungumzwa hapa si ile ya vizibo vya soda, inayochezwa barazani jioni huku watazamaji wakijua kuliko wachezaji. Ni utaratibu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, wa kuwagawa vijana wanaotoka vyuo vikuu kwa timu zake 32. Ingawa hilo la watazamaji kujua kuliko wachezaji, na huku lipo.

Sisi tumezoea dirisha la usajili: timu mbili zikimtaka mchezaji, mwenye mfuko mnene ndiye anayeondoka naye. Kwenye drafti timu hupangwa foleni. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulia, bingwa hushika mkia, na kila moja ikifikiwa na zamu hutaja jina. Zamu huzunguka raundi saba. Kijana haulizwi anapenda kwenda wapi. Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona timu tajiri zikizoa vijana wote wazuri, na drafti ya kwanza ikafanyika mwaka 1936. Eagles wakamtaja Jay Berwanger, jina la kwanza kabisa katika historia ya drafti. Hakucheza NFL hata mechi moja. Kwa hiyo kukosea kulianza siku ileile.

Neno la kushika ni nafasi. Nafasi ni mali: timu inaweza kuibadilisha kwa mchezaji, au kutoa nafasi mbili za chini ili ipande juu. Tangu 2011 hata mkataba wa kijana hufuata namba aliyochaguliwa, kwa hiyo wa 3 analipwa pesa nyingi kuliko wa 30, hata kama baadaye itaonekana huyo wa 30 ndiye mkali.

Sasa tumlete beki. Mabeki wa nyuma ni wale wanaolinda dhidi ya pasi za mbali: wapo wa pembeni, wanaokaba wapokeaji ana kwa ana, na wapo walinzi wa mwisho, wanaosimama nyuma kabisa kuziba yaliyowashinda wenzao. Kazi ya beki wa pembeni ni ngumu kwa namna ambayo runinga haionyeshi vizuri. Mpokeaji anajua anakokwenda, beki hajui. Beki huanza kwa kukimbia kinyumenyume, macho yake kwenye kiuno cha mpinzani, maana kichwa na mabega hudanganya. Mpokeaji akikata kona ghafla, beki anatakiwa ageuze nyonga na kuondoka naye bila kupoteza hatua. Tena tangu 1978 sheria inamruhusu kumbughudhi kwa mwili ndani ya yadi 5 za mwanzo tu. Zaidi ya hapo, mkono ukinasa kwenye jezi, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano, ishara ya kosa.

Kwa hiyo timu ikitumia nafasi ya juu kwa beki, ubishi hauepukiki. Tazama Detroit Lions mwaka 2020. Mwezi Machi walimpeleka Philadelphia beki wao bora, Darius Slay, wakapata nafasi mbili, moja ya raundi ya tatu na nyingine ya tano. Mwezi Aprili, katika drafti iliyofanyika kwa video kwa sababu ya korona, kamishna Roger Goodell akisoma majina kutoka chumba cha chini cha nyumba yake, Lions wakashika zamu ya 3 na kumchukua Jeff Okudah, beki wa pembeni kutoka Ohio State.

Katika mabishano ya aina hii, wapo wanaosema ziba pengo: beki ameondoka, lete beki. Wapo wanaosema mchukue aliye bora kuliko wote waliobaki, pengo lako litajipanga. Na wapo wenye hoja ambayo mimi naiona nzito zaidi, kwamba namba 3 ni ghali mno kwa beki wa pembeni, kwani mlinzi mzuri wa beki ni yule jamaa mnene wa mbele anayemkimbiza kwotabeki, yaani mrusha pasi, kabla hajatupa mpira. Anayekabwa asipopewa muda, hata beki wa kawaida anaonekana hodari. Ukiwasikiliza vizuri, wachache sana wanabishia kipaji cha kijana. Wanabishia bei.

Okudah hakubahatika. Msimu wa kwanza uliishia kwenye upasuaji, na mechi ya kwanza ya msimu wa pili akakatika kano ya kisigino. Mwaka 2023 Detroit wakampeleka Atlanta Falcons kwa nafasi moja ya raundi ya tano. Kutoka namba 3 hadi raundi ya tano ndani ya miaka mitatu! Lakini anayemtumia kama ushahidi kwamba beki hafai kuchaguliwa mapema anachanganya majeraha na uamuzi. Mwaka 2022 New York Jets walimchukua Sauce Gardner namba 4, na msimu huohuo akatangazwa mlinzi bora chipukizi wa ligi.

Upande wa pili nao una silaha zake. Richard Sherman alisubiri hadi namba 154 mwaka 2011, huko raundi ya tano, kisha akawa nguzo ya ulinzi wa Seattle Seahawks uliowanyonga Denver 43–8 katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014. Malcolm Butler, beki wa New England Patriots, hakutajwa kabisa kwenye drafti. Mwaka mmoja baada ya ushindi huo, katika fainali iliyofuata, Seattle haohao wakiwa yadi 1 kutoka kwenye mstari wa kufungia, nyuma kwa 28–24, zimebaki sekunde 26, Butler aliruka mbele ya mpokeaji akaunyakua mpira. New England wakabeba kombe kwa mikono ya kijana ambaye hawakumtumia nafasi hata moja.

Aprili 2024 drafti ilifanyika Detroit kwenyewe, mitaa imefurika watu. Lions wakapanda kutoka namba 29 hadi 24, wakamtaja Terrion Arnold wa Alabama. Beki wa pembeni tena. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Ilipofika Septemba, Arnold akaanza kuadhibiwa wiki baada ya wiki kwa kuwashika wapokeaji, kitambaa cha njano juu ya kitambaa cha njano.