Mwenye nyaya si lazima awe mwenye chaja

Kwa miaka mingi watu wameamini kuwa vituo vya kuchajia magari ya umeme ni kazi ya shirika la umeme, kwa kuwa nyaya ni zake. Sivyo. Nyaya ni ukiritimba wa kimaumbile, yaani kazi inayofaa kufanywa na mmoja tu. Hakuna maana ya kujenga mitandao miwili mtaa mmoja. Chaja ni biashara ya kawaida, na mwenye eneo na mtaji anaweza kuifanya.

Hatari iko hapa: shirika nalo likiwa na chaja, mshindani akitaka kuunganishiwa umeme, ombi lake linaishia mezani kwa shirika lilelile analoshindana nalo. Tena shirika likipata hasara kwenye chaja zake, linaweza kuibebesha ankara za wateja wote, hata wasio na gari. Hiyo si haki hata kidogo.

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inakataza waendeshaji wa mitandao ya usambazaji umeme kumiliki vituo vya kuchajia magari ya watu wote, isipokuwa zabuni ya wazi ikikosa mtu na mdhibiti wa sekta ya umeme akaridhia. California, Marekani, nayo iliyazuia mashirika yake ya umeme kumiliki chaja mwaka 2011, kisha 2014 ikalegeza: kila ombi lipimwe peke yake, na athari kwa ushindani ziangaliwe.