Je, wajua kwa nini kompyuta huweza kuipeleka Likoni kaskazini?

Tuseme una jedwali la vipimo vya mvua ya Mombasa. Mstari wa kwanza ni wa kusini, Likoni, na wa mwisho ni wa kaskazini, Nyali. Unaipa jedwali hilo Matplotlib, maktaba ya kuchorea data ya lugha ya kompyuta iitwayo Python, kwa amri ya imshow, nayo inageuza kila namba kuwa kijiraba chenye rangi. Kumbe Likoni imekaa juu na Nyali chini!

Hakuna kilichoharibika. Matriksi, yaani jedwali la namba, husomwa kama barua, mstari wa kwanza juu. Picha nazo zina desturi hiyohiyo tangu televisheni za kioo kinene, zilizochora kuanzia kona ya juu kushoto. Grafu tuliyofundishwa shuleni ndiyo yenye desturi nyingine: sifuri iko chini, y inapanda. Ndani ya Matplotlib, iliyotolewa na John D. Hunter mwaka 2003, desturi zote mbili zinaishi pamoja: imshow huweka mstari wa kwanza juu, amri nyenzake, pcolormesh, huuweka chini. Data ni ileile, picha ni mbili.

Fikiria bao la kete, mistari 4 ya mashimo 8. Mstari ulio karibu nawe ndio ulio mbali kwa mwenzio, wala hakuna aliyegusa kete. (Mfano huu una kasoro: kushoto kwako ni kulia kwake, ilhali imshow haibadilishi pande hizo. Bahari hubaki mashariki.)

Dawa yake ni fupi: ongeza origin="lower" kwenye imshow.

Ila wengi huponzwa na extent, kile kipengele cha kuandika latitudo na longitudo pembeni mwa picha. Ukiandika extent bila kugusa origin, namba za pembeni zitakaa sawasawa, kaskazini juu kabisa, huku mvua ya Likoni ikiwa imemwagwa Nyali. Ramani inapendeza, na ni ya uongo. Picha iliyopinduka waziwazi ni afadhali, maana hiyo utaishtukia.

Mimi kabla ya kuiamini ramani yoyote hutia namba kubwa mno, tuseme 9999, kwenye kijiraba cha Likoni peke yake, kisha nachora nione panapowaka.