Gatsby si shujaa wa mapenzi

Wengi waliosoma The Great Gatsby, au walioona filamu zake tu, huamini ni kisa cha mapenzi ya kweli yaliyoharibiwa na mume katili. Katili yupo, sikatai: Tom Buchanan ana hawara, Myrtle, mke wa mwenye gereji, na anamvunja pua mbele ya wageni kwa kosa la kulitaja jina la Daisy, mke wa Tom. Lakini riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald, iliyotoka mwaka 1925, haimtakasi Gatsby, mhusika wake mkuu. Naye anatembea na mke wa mtu.

Tena anayempenda ni Daisy wa 1917, binti wa kitajiri wa Louisville ambaye Gatsby alikutana naye alipokuwa bado ofisa wa jeshi asiye na kitu. Miaka mitano baadaye, akiwa ametajirika kwa pombe ya magendo Marekani ilipoipiga marufuku, anamtaka Daisy atamke kwamba hakuwahi kumpenda mumewe. Daisy anashindwa, anakiri amewahi kuwapenda wote wawili. (Na ana mtoto, jambo ambalo Gatsby haonekani kuliamini hadi amwone kwa macho.) Ni Gatsby mwenyewe anayesema sauti ya Daisy imejaa pesa. Mpenzi gani husikia pesa?

Halafu tazama wanaokufa. Daisy ndiye aliyeendesha gari lililomuua Myrtle. Gatsby akabeba lawama, akapigwa risasi na mume wa marehemu, ambaye naye akajiua. Tom na Daisy wakafunga mizigo wakaondoka. Hata mazishini hawakuonekana.