Maduka ya sigara, kona za barabara na afya yako: maswali na majibu

Mwaka 2014 madiwani wa jiji la San Francisco, Marekani, walipitisha mambo mawili ambayo kwa haraka hayafanani: mpango wa kukomesha vifo vya barabarani, kisha, mwezi Desemba, sheria ya kupunguza maduka yanayouza tumbaku.

Diwani anahusikaje na mapafu yangu?

Daktari anakuona ukishaumwa. Diwani anaamua mtoto wako anapita wapi akienda shule, na njiani anakutana na nini. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, ajali za barabarani karibu milioni 1.2. Vifo hivi havianzii hospitali.

Mvutaji si atatembea tu mpaka duka linalofuata?

Aliyezoea sana, ndiyo, atatembea. Lakini mfikirie aliyeacha wiki iliyopita. Hamu ya nikotini humjia mtu kwa kishindo, ikamkaba dakika chache, kisha ikalegea. Kama dakika hizo zimemkuta mbele ya duka, pakiti zimepangwa ukutani nyuma ya muuzaji kama vitabu, atanunua. Kama duka liko mbali, huenda hamu itakuwa imepita kabla hajafika. Na mtoto aliyetumwa maziwa anauona ukuta uleule kila siku, juu kidogo ya pipi. Hakuna aliyemshawishi kwa maneno. Anakua akijua sigara ni bidhaa kama sukari.

Sheria yenyewe ilisemaje?

San Francisco ina wilaya 11 za uchaguzi. Kila wilaya iliwekewa kikomo cha leseni 45, na duka jipya halipewi leseni likiwa ndani ya futi 500, kama mita 150, kutoka shule au duka jingine la tumbaku. Hakuna aliyefungiwa biashara. Duka lililokuwepo liliendelea, ila leseni ikifa katika wilaya iliyovuka kikomo, haizaliwi nyingine. Walioanzisha hoja ni vijana: walizunguka mitaani wakihesabu maduka na kuyachora kwenye ramani, wakaona yamejazana kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Napenda sana jambo hilo, maana kuhesabu maduka hakuhitaji shahada.

Na wenye maduka?

Kilio chao si cha kupuuza. Wengi ni wahamiaji, na duka ndilo pensheni yao. Ukiliuza bila leseni ya sigara, bei inashuka. Madiwani walikaa nao na kulegeza baadhi ya masharti ya kuuziana maduka. Kwa maoni yangu walifanya vizuri, kwa kuwa sheria ya afya inayomfilisi mwenye duka dogo haidumu.

Barabara zinaingiaje hapa?

Kwa mwendo wa gari. Kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Tenderloin, mtaa wa San Francisco wenye wazee wengi, watoto wengi na maduka mengi ya sigara, ulishushiwa kasi mwaka 2021 hadi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, na magari yakakatazwa kukata kona taa ikiwa nyekundu. Kuna dawa nyingine rahisi mno: kuzuia magari yasiegeshwe karibu na kivuko. Gari likiegeshwa pale, mtoto hujitokeza kutoka nyuma ya boneti na dereva humwona amechelewa. Sheria ya jimbo la California sasa inataka futi 20, takriban mita 6, ziachwe wazi kabla ya kivuko.

Afrika Mashariki nasi tunayo mifano yetu, kwa mfano Dar es Salaam. Mradi wa SARSAI uliweka matuta, njia za miguu na vivuko kando ya shule, ukapata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019.

Je, San Francisco ilifanikiwa?

Leseni za tumbaku zilianza kupungua mapema. Barabarani ni hadithi nyingine: lengo lilikuwa vifo sifuri ifikapo 2024, na mwaka huohuo wakafa watu zaidi ya 40. Kupaka rangi kivuko ni siku moja. Kumpunguzia dereva mwendo ni ugomvi wa miaka.

Kwetu Afrika Mashariki tungeanzia wapi?

Kwenye sigara mojamoja. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Tumbaku, ya mwaka 2007, inakataza kuuziana hivyo, kwa sababu mwanafunzi hana pesa ya pakiti ila ya sigara moja anayo. Ukitaka kujua kama sheria inafuatwa mtaani kwako, usimuulize mwenye kioski. Tazama dirishani kama kuna kibiriti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi.