Mguu Juu ya Mguu: yanayosemwa kuhusu kitabu cha al-Shidyaq, na yaliyomo

Mwaka 1855, mjini Paris, Mlebanoni Ahmad Faris al-Shidyaq alichapisha kitabu cha Kiarabu kiitwacho al-Saq ala al-Saq, yaani mguu juu ya mguu. Waweza kumfikiria mtu aliyekunja nne akisimulia, na waweza kufikiria mambo ya chumbani. Jina linabeba yote mawili. Tafsiri ya Kiingereza ya Humphrey Davies ilitoka mwaka 2013 na 2014 kwa juzuu nne, Kiarabu upande huu, Kiingereza upande wa pili. Tangu hapo wanaokitaja ni wengi kuliko wanaokisoma.

Dhana: Fasihi ya Kiarabu ilikuwa na haya, mpaka huyu alipoharibiwa na Ulaya.

Ukweli: Abunuwasi wa hekaya zetu tunamjua kwa ujanja wake. Abu Nuwas mwenyewe, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, aliacha mashairi ya mvinyo na mapenzi ambayo huwezi kuyasoma mbele ya wakwe. Al-Suyuti naye, mmoja wa wale Jalali wawili wa Tafsiri ya Jalalayn inayosomeshwa darsani hapa pwani, aliandika juu ya tendo la ndoa bila kuzungukazunguka. Al-Shidyaq alikuta njia imeshafyekwa. Haya zilikuja baadaye, kwa wachapishaji waliokipunguza kitabu chake.

Dhana: Ni kitabu cha matusi.

Ukweli: Aliyefuata matusi atasinzia mapema. Yamo, tena bila kificho. Majina ya sehemu za siri yamemwagwa moja baada ya jingine. Lakini yamo kwa namna ileile yalivyomo majina ya vito, manukato, mavazi na vyakula, mengi yakiwa yamechotwa katika al-Qamus al-Muhit, kamusi kubwa ya al-Firuzabadi. Mwandishi mwenyewe anatangaza nia mbili tangu mwanzo: kuonyesha maajabu ya lugha, na kuzungumza juu ya wanawake, sifa zao na kasoro zao.

Dhana: Zile orodha ni za kuruka, hadithi iko kwingine.

Ukweli: Tafsiri ya Kifaransa iliyotangulia iliziacha, na kwangu hapo ndipo kitabu kilipovunjwa uti wa mgongo. Tazama kinavyoanza: msomaji hajakaa vizuri, anapigwa na mfululizo wa amri za kunyamaza na kusikiliza, kama mtu anayesema kimya, tulia, nyamaza, sikiliza, tega sikio, bila kupumua. Ni kelele za kuomba utulivu! Ukizisoma kimoyomoyo hazikuchekeshi. Zisome kwa sauti, haraka, ndipo utamwona mtu amesimama juu ya kiti akihangaika na ukumbi mzima. Orodha nyingine zina kazi hiyohiyo. Al-Fariyaq, mhusika mkuu aliyepewa jina lililounganishwa kutokana na Faris na Shidyaq, anaanza kueleza jambo dogo, neno linavuta neno, na kabla hujajua kurasa kadhaa zimeshapita. Kuchoka kwako ni sehemu ya mzaha. Sikatai kwamba zipo chache zinazozidi kipimo, na hapo pumzika, urudi kesho.

Dhana: Ni mzaha mtupu.

Ukweli: Kaka yake, As'ad, alifungwa na Patriaki wa Wamaroni, Wakristo Wakatoliki wa Lebanoni, kwa kuwafuata wamisionari wa Kiprotestanti, akafia kifungoni. Al-Shidyaq anapofika kwenye habari hiyo anamshtaki Patriaki waziwazi: hata kama As'ad alikosea katika imani, nani alikupa haki ya kumfunga? Tena kuna kifo cha mwanawe mdogo katika kijiji cha Uingereza. Aliyekuwa na maneno mia kwa kila kitu, hapo analia tu kama baba yeyote.

Dhana: Kinawadhalilisha wanawake.

Ukweli: Kuna kurasa zinazokera, siwezi kuzipamba. Ila soma majibizano ya al-Fariyaq na mkewe, al-Fariyaqiyya. Mwanzoni mke anauliza maswali ya mtu asiyeujua ulimwengu. Baadaye anazungumzia elimu ya wanawake, haki zao na starehe zao, na katika mabishano mume ndiye anayeishiwa hoja. Kwa kitabu cha mwaka 1855, ni sauti ya kusikilizwa.

Dhana: Ni riwaya ya kwanza ya Kiarabu.

Ukweli: Wengine husema hivyo, wengine huipa Zaynab, riwaya ya Mmisri Haykal ya mwaka 1913, nafasi hiyo. Hiki kina safari, maisha ya mwandishi, mashairi, maqama (visa vifupi vya nathari yenye vina) na kamusi kwa pamoja. Ukikisoma kama riwaya utautafuta mtiririko wa hadithi bure.

Dhana: Alikuwa mwanafunzi mtiifu wa Wazungu.

Ukweli: Alifanya kazi kwa wamisionari Malta, na Uingereza alishirikiana na Profesa Samuel Lee wa Cambridge kutafsiri Biblia kwa Kiarabu. Aliona umaskini wa wakulima wa Kiingereza akaueleza bila kuficha. Kisha mwisho wa kitabu akaweka kiambatisho chenye majedwali, na ndani yake makosa ya Kiarabu yaliyofanywa na maprofesa wa Paris waliokuwa wakiisomesha lugha hiyo, kosa kwa kosa, na sahihisho kando yake.